Kurudi na Kurudisha

Ng'ombe akivuka Mto Sio hajui kwamba amebadilisha serikali. Asubuhi alikuwa upande wa Funyula, Kenya. Jioni amefungwa kamba kwenye boma la mkwe huku Buhehe, Uganda, na lugha anayofokewa nayo ni ileile, Kisamia. Mababu zetu walioana hivyo kabla Waingereza hawajaimega sehemu ya mashariki ya Uganda mwaka 1902 na kuitia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka ulipoandikwa rasmi mwaka 1926, tukaendelea kuoana vilevile. Ushuru hutozwa mjini Busia, penye geti. Huku kusini ng'ombe wa mahari hupita na mchungaji wake, na atakayemuuliza pasi ya kusafiria atachekwa.

Safari hiyo ya kwenda huimbwa. Kuna vigelegele, kuna pombe ya wimbi, kuna wazee wanaomkagua ng'ombe kwato na pembe. Safari isiyoimbwa ni ile ya kurudi. Mwanamke ameishi kwa mumewe miaka kumi na mitano, amezaa, amelima, amewauguza wakwe na kuwazika. Siku anaposema imetosha, kipigo kimezidi, wazee wanakaa barazani, na swali la kwanza haliwi amekosewa nini. Swali ni: ng'ombe watarudi lini? Ng'ombe wenyewe hawamo zizini. Walikwenda zamani kumwolea kaka yake mke. Basi baba anamtazama binti, kaka anamtazama dada, kimya kinatanda, na binti anaelewa. Kwa kuwa ng'ombe hawawezi kurudi, atarudi yeye.

Tarehe 6 Agosti 2015, Mahakama ya Upeo ya Uganda ilisema desturi hiyo ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe ilibaki halali. Kilichokatazwa ni kudai irudishwe ndoa inapovunjika. Hoja ya majaji hata bibi wa Buhehe ambaye hajawahi kuiona mahakama angeielewa: ukidai mahari yako irudi, umemfanya mwanamke kitu kilichokuwa kwa mkopo. Tena umefumba macho usiione kazi yake ya miaka yote ile, na umewabebesha wazazi wake deni wasiloweza kulilipa, hadi wao wenyewe wamsukume arudi alikokimbia.

Majaji tunawakumbuka, na wanastahili. Lakini hukumu haikuanguka kutoka mbinguni kama mvua ya mawe. Iliwafikia majaji ikiwa imebebwa, na waliobeba walianzia hapa jirani, Tororo. Watu wa namna hiyo hatuna desturi ya kuwasifu. Hata jina lao linatutia shaka.

Kiswahili kinawaita washawishi, na neno hilo lina harufu. Anayeshawishi kwetu ni pamoja na Ibilisi. Ukitaka neno laini zaidi utasema wanapiga debe, na hapo utakuwa umekosea pakubwa, maana mpiga debe wa stendi hujaza gari asilolipanda. Analipwa chake, gari linaondoka, naye anageukia lingine. Mtu ninayemsema hapa hupanda gari, hushuka nalo linapoharibika, husukuma, na hufika.

Sisi wa mpakani tunaye mtu tunayeweza kumfananisha naye. Kabla kituo cha pamoja cha mpakani Busia hakijazinduliwa Februari 2018, lori lilikaguliwa Kenya, likakaguliwa tena Uganda, na karatasi zake zikapitishwa dirisha baada ya dirisha. Mwenye mzigo alikuwa Mombasa au Kampala, amekaa. Aliyezitembeza karatasi alikuwa wakala. Wakala mzuri hakusifiwa kwa sauti wala kwa suti. Alijua dirisha gani hufungwa mapema, ofisa gani hapendi kuharakishwa, na muhuri gani ukikosekana mihuri mingine yote ni bure. Zaidi ya hayo, alipoambiwa "rudi kesho", alirudi kesho. Wengine waliondoka wakitukana. Yeye alirudi, akasalimia, akanyoosha tena karatasi zilezile.

Mshawishi wa sheria za haki ni wakala wa mzigo ambao mwenyewe hayupo dirishani. Mwenye mzigo ni yule mwanamke wa Buhehe, na hawezi kwenda Kampala kwa sababu ana mtoto mgongoni na shamba la mihogo la kupalilia.

Turudi Tororo. Mifumi ni kijiji katika wilaya hiyo, na ndicho kilicholipa jina shirika la haki za wanawake lililoongozwa na Atuki Turner, mwanasheria na mwandishi. Mtu angetegemea kwamba shirika la mwanasheria litaanzia mahakamani. Halikuanzia huko. Mwaka 2001 liliendesha kura ya maoni wilayani Tororo kuhusu mahari. Haikuwa kura ya kumfunga mtu kisheria. Waliitwa watu wa vijijini, wakaulizwa wanaionaje desturi yao wenyewe, na wengi wakaunga mkono mahari iwe zawadi isiyorudishwa. Februari 2004 ukaandaliwa mkutano wa kimataifa Kampala juu ya suala hilo. Baraza la Wilaya ya Tororo nalo likashawishiwa, hatimaye likapitisha sheria ndogo kuhusu zawadi za ndoa.

Mwaka 2007 Mifumi na wenzake wakafungua shauri katika Mahakama ya Katiba. Waliomba makubwa: mahari kama sharti la ndoa itamkwe kuwa ni kinyume cha Katiba, pamoja na kurudishwa kwake. Machi 2010 wakashindwa, majaji wanne kwa mmoja. Rudi kesho. Wakakata rufaa. Rufaa ikasubiri, na hukumu ikatoka miaka mitano baadaye, mara hii wakipata nusu ya walichokiomba. Ukihesabu kutoka kura ile ya vijijini, ni miaka 14. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa kura alikuwa sekondari siku ya hukumu.

Wapo wanaoidharau nusu hiyo. Wanasema mahakama iliogopa wanaume, ikaacha mzizi na kukata tawi. Siwapuuzi, mwanamke anayehesabiwa kwa vichwa vya ng'ombe siku ya kuolewa ana haki ya kuuliza kwa nini hesabu hiyo iendelee. Hata katika jopo lenyewe, Jaji Esther Kisaakye hakukubaliana na wenzake katika yote. Lakini tazama ni nusu gani iliyopita. Ni ileile ambayo watu wa Tororo walikuwa wameikubali mwaka 2001, pale waliposema zawadi ibaki, deni life. Naamini hilo halikutokea kwa bahati. Jambo ambalo kijiji kimekwisha kulitamka, mkubwa wa Kampala hulikubali bila hofu ya kuambiwa ameuza utamaduni. Lile ambalo kijiji hakijalitamka, hata likiwa la haki tupu, huingia ukumbini likiwa yatima.

Katika hili neno mahari lilihitaji kutazamwa kwa makini. Msomaji wa Mombasa au Unguja huenda anajiuliza kelele za nini, maana kwa Waislamu wa pwani mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Kwetu, ng'ombe humfikia baba. Neno moja, mambo mawili. Mshawishi asiyejua tofauti hiyo angesimama mbele ya wabunge akasema "tufute mahari", na sheikh, askofu na mzee wa ukoo wangesimama pamoja kumpinga, kila mmoja kwa sababu yake. Sentensi iliyoshinda ilikuwa nyembamba zaidi: atakayetoa, atoe, akishatoa, asidai. Kuichonga sentensi hadi ipenye ndiyo nusu ya kazi hii.

Ufundi huu haukuanzia Afrika Mashariki. Marekani, karibu kila mtu anamjua Martin Luther King. Ni wachache wanaomjua Clarence Mitchell, aliyeongoza ofisi ya chama cha kutetea haki za watu weusi cha NAACP mjini Washington tangu 1950 hadi 1978. Baraza la Seneti lina viti 100. Yeye walimpa jina la utani, seneta wa 101, kwa jinsi alivyoonekana huko kila siku bila kuchaguliwa na mtu. Mwaka 1957 alisaidia kupitisha sheria ya haki za raia iliyotoka imenyofolewa meno, na baadhi ya wenzake walilalamika kwa nini aikubali. Aliikubali, kisha akarudi mwaka 1960. Mwaka 1964 wapinzani waliteka mjadala kwa hotuba za miezi, wakitumaini mswada utachoka kabla yao. Tarehe 10 Juni maseneta 71 dhidi ya 29 walipiga kura ya kufunga mjadala, baada ya kiongozi wa chama cha upinzani, Everett Dirksen, kukubali kuungana na serikali. Sheria ilitiwa saini tarehe 2 Julai. Mitchell hakwenda kupumzika. Mwaka 1965 ikaja sheria ya haki ya kupiga kura, na mwaka 1968 sheria ya makazi.

King alijaza barabara na Mitchell alijaza shajara za maseneta. Bila barabara, Mitchell angekuwa mgeni mwenye heshima anayepewa chai na kuagwa. Bila Mitchell, barabara ingejaa, ingetawanyika, na Jumatatu mswada ungekuwa palepale ulipolala Ijumaa. Sisi huku tumejifunza kupenda barabara na jukwaa. Shajara bado hatujaipenda.

Uganda ina kisa chake cha kuonyesha kinachotokea pale mtu anapodhani amekwisha kufika. Mwaka 1998 Bunge lilijadili sheria ya ardhi. Miria Matembe, aliyekuwa ameshiriki katika tume iliyokusanya maoni ya Katiba, alisimamia kipengele cha mume na mke kumiliki kwa pamoja ardhi wanayoishi. Mashirika ya wanawake yalikuwa yamefanya kazi kwa wabunge miezi mingi. Kipengele kikajadiliwa, kikakubaliwa, watu wakapeana mikono. Sheria ilipochapishwa, hakimo. Walipouliza waliambiwa kwamba utaratibu haukufuatwa; baadaye Rais Museveni mwenyewe akaeleza kuwa ndiye aliyekiwekea breki. Mpaka leo kinaitwa kipengele kilichopotea, kana kwamba kilidondoka njiani kutoka kwenye kapu la mtu.

Wakala yeyote wa Busia angewaambia: mzigo haujatoka mpaka lori lipite geti la mwisho. Kati ya makofi ya ukumbini na wino wa mpiga chapa kuna vyumba vingi, na mshawishi asiye na mtu katika vyumba hivyo amefanya kazi ya robo tatu. Wanawake hao walirudi. Mwaka 2004 marekebisho ya sheria hiyo yakampa mke ulinzi wa kukaa kwenye ardhi ya familia na kauli katika kuiuza. Si umiliki walioutaka mwaka 1998. Lakini mke wa Buhehe anayekuta mnunuzi anapima shamba lake kwa hatua ana kitu cha kushika mkononi, na kitu hicho kililetwa na watu waliokataa kuamini kwamba kilichopotea kimepotea.

Upande wa pili wa mto nao wana kisa. Mwaka 2006 Bunge la Kenya lilikuwa na wanawake 18 tu katika wabunge 222 wa kuchaguliwa na kuteuliwa. Mmoja wao, Njoki Ndung'u, mbunge mteule, alipeleka mswada wa makosa ya kujamiiana. Hesabu yake ilikuwa rahisi na ya kutisha: hata wanawake wote wakimuunga mkono, mswada ungekufa. Ilibidi awapate wanaume, tena katika ukumbi ambamo wengine waliufanyia mzaha hadi wabunge wanawake wakatoka nje kwa hasira. Aliupitisha mwaka huohuo, kwa gharama. Suala la ubakaji ndani ya ndoa liliondolewa, na kikaingizwa kifungu cha 38, kilichomtisha mlalamikaji kwamba shtaka lake likionekana la uongo atapata adhabu ileile ya kosa alilolidai. Kifungu hicho kilikuwa mwiba uliofichwa ndani ya tonge. Kilifutwa mwaka 2012. Tonge lilikuwa limekwisha kumezwa miaka sita. Mwiba ukatolewa baadaye.

Nimevitaja visa hivi kwa sababu vinafanana kwa jambo moja. Katika kila kimoja, siku ya ushindi haikuwa ya mwisho, na siku ya kushindwa haikuwa ya mwisho pia. Kilichotofautisha sheria zilizopatikana na zile zilizozikwa ni kama kulikuwa na mtu wa kurudi.

Zilizozikwa ni nyingi. Mwaka 1964 serikali ya Uganda huru iliunda tume ya kuchunguza ndoa, talaka na hali ya wanawake, chini ya William Kalema, na ripoti ikatoka mwaka uliofuata. Mapendekezo mengi ya sheria moja ya ndoa yamekuwa yakiingia bungeni na kutoka tangu hapo. Mswada wa mwaka 2003 uliwatoa watu mitaani. Ukagawanywa, ukarudi mwaka 2009, na mwaka 2013 ukawekwa kando. Mwaka 2024 Sarah Opendi, mbunge mwanamke wa Wilaya ya Tororo, aliwasilisha mswada wake binafsi wa ndoa, na ndani yake kudai kurudishiwa zawadi za ndoa kulikuwa kosa la jinai. Tororo tena. Kuna kitu katika udongo wa huku kinachofundisha watu kutochoka, au labda ni kwamba huku ndiko ng'ombe wanakodaiwa zaidi.

Sasa nizijibu hoja za wazee, maana siwezi kuandika haya nikaepuka baraza la nyumbani.

Hoja ya kwanza ni kwamba mambo haya yameletwa na wazungu. Wazee wangu, mahari yetu ilikuwa inaguswa na sheria kabla ya shirika lolote la leo kuzaliwa. Wilaya ya zamani ya Bukedi, ambayo Tororo na Busia zilikuwa ndani yake, ilikuwa na sheria ndogo ya kuweka kikomo cha mahari tangu enzi za ukoloni, kwa sababu vijana walishindwa kuoa na baba zao wakalalamika. Wakati ule kilio kilikuwa cha wanaume, na hakuna aliyesema utamaduni umeuzwa. Desturi imekuwa ikisogea siku zote. Linalobishaniwa ni kilio cha nani kinaisogeza.

Tena Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 33, inakataza desturi zinazovunja hadhi ya mwanamke. Maneno hayo hayakuandikwa Ulaya. Yalipiganiwa na wajumbe wetu wenyewe katika Bunge la Katiba, na Mifumi iliposimama mahakamani ilikuwa inadai deni ambalo nchi iliandika kwa mkono wake.

Hoja ya pili ni ya fedha, nayo ina uzito. Mkono mtupu haulambwi, na kila anayetembea katika korido za Bunge ana anayemlipia nauli. Makampuni ya tumbaku, ya sukari na ya simu yana washawishi, na hao hawasafiri kwa matatu. Mashirika ya haki nayo huishi kwa ufadhili, mara nyingi wa nje, na mfadhili akibadilisha vipaumbele, wanawake wa mradi huachwa njiani wakiwa na fulana zenye nembo. Nadhani njia ya haki ni moja kwa wote: anayeshawishi wabunge aseme hadharani anamshawishi nani, kwa niaba ya nani, kwa fedha ya nani. Aliye na jambo safi hatapoteza chochote. Atakayetaka kubaki gizani ndiye tumwogope. Bahasha inayopita chini ya meza tuiite kwa jina lake la siku zote, hongo, tusiipe heshima ya kuitwa ushawishi.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma, kwa sababu ni ya kweli. Mzee mmoja aliniambia: "Mwanangu, hukumu hiyo tuliisikia redioni, halafu ikaenda zake." Iliandikwa Kampala, kwa Kiingereza cha majaji, kwa kurasa nyingi. Nani aliileta Buhehe? Ni wenyeviti wangapi wa LC, yaani mabaraza ya mitaa, wanaokaa kusikiliza ugomvi wa ndoa wakijua kwamba kudai ng'ombe warudi hakukubaliki tena? Sheria ya kuzuia ukatili wa majumbani ya mwaka 2010, ambayo nayo ilipatikana baada ya wanawake kuwaandama wabunge kwa miaka, inazipa mahakama za LC uwezo wa kusikiliza malalamiko hayo na kuamuru msamaha uombwe au fidia ilipwe. Hiyo ni mahakama ambayo mwanamke anaifikia kwa miguu. Lakini mwenyekiti asipojua, atafanya alichofanya mtangulizi wake: atauliza ng'ombe watarudi lini.

Hapo ndipo washawishi wetu wanapotuangusha, na lazima tuwaambie. Wamejifunza kuubeba mzigo hadi Kampala na Nairobi. Kuurudisha nyumbani hawajajifunza vya kutosha. Wakala aliyelitoa lori mpakani akaliacha barabarani hajamaliza kazi, hata kama karatasi zote zimegongwa muhuri. Hukumu ya 2015 inahitaji kutembezwa upya, safari hii kwa Kisamia, Kigwe, Kidhopadhola na Kiteso, barazani, kanisani, msikitini, kwenye mazishi ambako watu wetu hukusanyika kuliko popote, na kwenye mkutano wa kupanga mahari kabla ng'ombe wa kwanza hajafunguliwa. Huo ndio wakati wa kuandika kwamba hiki ni zawadi. Ndoa ikishavunjika, kila mtu ana hasira na hakuna anayesikia.

Halafu kuna mto. Binti wa Buhehe aliyeolewa Funyula yuko chini ya sheria nyingine. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 ilipita njia yake: ilisema kwamba pale mahari inapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, kiasi kidogo cha ishara kinatosha. Ni jambo jema. Limempunguzia kijana mzigo wa kuingia. Lakini hukumu ya Kampala kuhusu mzigo wa kutoka haimfungi mzee wa Funyula. Ng'ombe anavuka Mto Sio bila pasi, hukumu haiwezi. Shangazi na mpwa wake, wa ukoo mmoja, wanaoteka maji ya mto mmoja, hawana ulinzi mmoja ndoa zao zikivunjika.

Kuliponya hilo kunahitaji sentensi moja tu katika sheria ya Kenya: mahari ikishatolewa haidaiwi. Sentensi moja, lakini haitaingia yenyewe. Itahitaji mtu wa kuwauliza wazee wa Samia pande zote mbili, kama Tororo walivyoulizwa mwaka 2001. Itahitaji wabunge wetu wa Busia hii na Busia ile kukaa meza moja, jambo wanalolifanya kwa wepesi wakati wa mazishi na kwa uzito wakati wa kazi. Itahitaji mtu wa kumfuata mwenyekiti wa kamati Nairobi, kuambiwa amesafiri, na kurudi. Kuambiwa mswada uko kwa mwanasheria, na kurudi. Kushuhudia sentensi ikipita ukumbini, kisha kwenda kuitazama katika gazeti rasmi la serikali kama bado imo.

Mtu huyo hatapigiwa vigelegele. Huenda yuko tayari miongoni mwetu: binti wa chuo aliyekataa kunyamaza kwenye baraza la ndoa ya dada yake, au mwalimu mstaafu mwenye faili na muda. Tukimwona na kabrasha lake akipanda bodaboda kwenda mjini kwa mara ya tisa, tusimwulize anatafuta nini huko. Tumchangie nauli, tumwulize wamesemaje, na tumdai atuletee majibu.

Ng'ombe wabaki huko walikofika. Wa kurudi ni sisi.